Ludo, keram, bao au chemsha bongo: gemu ipi ya simu iwafae wenu?

Kila Ramadhani ikikaribia suali hurudi: baada ya tarawehe, watu wakishakaa barazani au sebuleni, wacheze nini? Zamani jibu lilitegemea kilichopo. Ubao wa keram ukiwepo, keram; dhumna ikiwepo, dhumna. Sasa kila mmoja ana simu mfukoni, na ndani ya simu michezo yote ile imo, pamoja na mengine ambayo hatukuwa nayo. Tena watu wenyewe hawako pamoja. Kaka yuko Maskati, shangazi yuko Wete, watoto wa ami wako Dar es Salaam, na grupu la familia linataka kitu ambacho wote watakicheza.

Hapa nalinganisha makundi manne ya gemu yanayogombewa zaidi: ludo, keram, bao, na gemu za maswali tunazoziita chemsha bongo. Mwishoni nitagusa mengine kwa ufupi. Kwa kila moja najiuliza jambo moja tu: simu inatupa nini ambacho ubao wenyewe hauwezi kutupa? Ikiwa haitupi chochote, ubao ubaki pale pale barazani na chaji ya simu iwekwe kwa mambo mengine.

Vigezo vya kupimia

Cha kwanza ni sheria. Gemu iliyotokana na mchezo wa ubao hubeba kanuni alizozichagua mtengenezaji, na mara nyingi mtengenezaji huyo hajawahi kukaa baraza yoyote ya Mji Mkongwe wala ya Chake. Kanuni moja ikibadilika, mchezo unakuwa mwengine hata kama sura ni ile ile.

Cha pili ni watu na simu zao. Wangapi wanaweza kucheza, na je, kila mmoja lazima awe na simu yake? Mchezo ambao kila kitu kiko wazi juu ya ubao, kama bao, ludo, keram na drafti, unaweza kuchezwa kwa kupokezana simu moja. Mchezo wa kufichana, kama dhumna na karata, hauwezi: ukimpa mwenzako simu umemwonyesha na ulichoshika. Watu wengi hupakua gemu ya dhumna wakidhani itawakusanya, kisha wanagundua kwamba wanne wanahitaji simu nne na bando nne.

Cha tatu ni bando na chaji. Waliokuwa watu wazima Unguja kati ya Disemba 2009 na Machi 2010 wanakumbuka miezi mitatu bila umeme wa gridi, waya wa chini ya bahari ulipoharibika. Siku hizi mkato ni wa saa, au Tukuza, umeme wa kulipia kabla, imekwisha na duka limefungwa, lakini jioni moja inatosha kuharibika kwa hilo.

Cha nne ni pesa, na hapa simaanishi bei ya kupakua. Karibu zote unazipata bure. Namaanisha matangazo, vitu vya kununua ndani ya gemu, na zile sarafu za kuwekeana dau. Cha tano ni lugha, kwa sababu bibi ambaye hasomi Kiingereza naye yumo barazani.

Ludo

Nachukua Ludo King kuwa mfano, kwa kuwa ndiyo ninayoiona kwenye simu nyingi. Ilitoka 2016, ikatengenezwa India na kampuni ya Gametion, na ilienea mno mwaka 2020 watu walipofungiwa majumbani kwa korona.

*Sheria.* Ludo ilitokana na pachisi ya India, Waingereza wakairahisisha mwishoni mwa karne ya 19. Kete nne, sita ndiyo ya kutokea, ukiliwa unarudi mwanzo. Gemu inayafuata hayo yote. Panapogombewa ni kanuni za nyumbani: kete mbili zikikaa pamoja zinafunga njia au hazifungi? Kwenye ubao mnakubaliana kabla ya kuanza. Kwenye simu gemu imeshaamua, na imeweka vituo vya nyota ambapo kete haliwi, jambo ambalo mtoto aliyezoea ubao wa kawaida atalipigia kelele. Faida ni kwamba ugomvi wa kuhesabu unakwisha. Dadu haipotei chini ya jamvi, na hakuna anayesogea hatua saba penye sita. Hasara ni kwamba hakuna aliyeishika dadu hiyo. Anayeshindwa mara mbili mfululizo husema simu inapendelea, na huna la kumwonyesha, kwa kuwa namba inatoka ndani ya programu.

*Watu na simu.* Hapa ludo inashinda kwa urahisi wake. Simu moja inapokezanwa na watu wanne, au mnafungua chumba chenye namba ya siri na aliyeko Maskati anaingia kwa simu yake. Oman iko mbele yetu kwa saa moja tu, kwa hiyo hakuna anayeamshwa usingizini.

*Bando na chaji.* Kupokezana hakuhitaji mtandao hata kidogo. Ukicheza kwa chumba cha mbali, mtandao ukikatika katikati, zamu zako zinapita au unatolewa, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya watu kununiana.

*Pesa.* Matangazo ni mengi. Ukizima data wakati wa kupokezana simu, mengi ya matangazo hayana pa kupitia, na mchezo unakwenda kasi zaidi. Michezo ya mtandaoni inaendeshwa kwa sarafu za gemu.

*Lugha.* Rangi na namba zinatosha. Asiyejua kusoma anacheza.

Kuna jambo moja la dini ambalo si haki kulipita. Wanavyuoni wengi wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu visiwani, wanakataza nardi, mchezo wa dadu, hata bila kamari, kwa hadithi zilizopokewa. Wapo wanaoitia ludo humo humo na wapo wanaotofautisha. Kama nyumba unayoialika ina mtu wa msimamo huo, muulize kabla, usimuaibishe mbele ya wageni. Bao na keram hazina dadu.

*Linamfaa nani.* Familia yenye umri mchanganyiko, watoto wa miaka saba na bibi zao kwenye mchezo mmoja. Haimfai anayetaka ustadi umlipe, kwa sababu bahati ndiyo inayoendesha.

Keram

Mfano hapa ni Carrom Pool ya Miniclip.

*Sheria.* Keram ya ubao tunaijua: kete tisa nyeupe, tisa nyeusi, moja nyekundu katikati, na kete kubwa ya kupigia. Ukiingiza nyekundu lazima uifunike kwa kuingiza kete yako inayofuata, vyenginevyo inarudi katikati. Gemu ina mchezo huo, na ina mwengine uliorahisishwa ambao hauna nyekundu, kila mtu anaingiza rangi yake na basi. Soma jina kabla ya kubonyeza, kwa sababu vijana wengi wanaanza na ule rahisi na kuhisi keram ya simu haina utamu.

Tofauti iliyo nzito zaidi iko kwenye kete ya kupigia. Juu ya ubao wa kweli nyote mnatumia kete moja, mnapokezana hiyo hiyo. Aliye bora ni mwenye kidole. Kwenye Carrom Pool kila mchezaji ana kete yake, na kete hizo zina viwango vya nguvu, shabaha na muda. Unaziboresha kwa kucheza sana au kwa kulipa. Mwenye kete ya daraja la juu anaonyeshwa mstari mrefu wa kulengea na anapewa muda zaidi. Kwa mtu aliyekulia kwenye keram hili linauma, na mimi ni miongoni mwao: umeshindwa na mtu ambaye huenda kidole chake hakiwezi kuvusha kete kutoka upande hadi upande.

Na kidole chenyewe? Kwenye kioo unavuta nyuma na kuachia. Poda haipo, ubao haujapinda kwa unyevu wa masika, kete haina ukingo uliomegeka. Unachojifunza ni pembe: jinsi kete inavyogonga ukingo na kurudi, na jinsi ya kuigusa ya kwanza ili ya pili iingie. Hilo ni somo la kweli, na linahamia ubaoni. Nguvu ya ukucha haihami.

*Watu na simu.* Imejengwa kwa wawili wanaopambana mtandaoni, kila mmoja na simu yake. Kama mko wanne na mnataka kucheza wawili kwa wawili mkitazamana, tafuta ubao.

*Bando na chaji.* Kuna namna ya kucheza bila mtandao, lakini uhai wa gemu uko mtandaoni. Mchezo mmoja ni mfupi, dakika chache tu, kwa hiyo bando haliumii kama linavyoumia kwa video.

*Pesa.* Hapa ndipo pa kumwangalia mtoto. Kila mchezo wa mtandaoni unaingia kwa sarafu, mshindi anachukua zote, na sarafu zikikwisha unaonyeshwa pa kununua kwa pesa halisi. Sarafu hazibadilishwi kuwa shilingi, lakini tabia inayojengwa ni ya kuweka dau. Mzazi aondoe njia ya malipo kwenye simu ya mtoto kabla hajampa.

*Lugha.* Si kikwazo.

*Linamfaa nani.* Wawili walio mbali wanaotaniana kwa ushindani wa haraka, na anayetaka kunoa pembe zake. Haifai kuwa kiungo cha baraza zima.

Bao

Nitakaa hapa kwa muda, kwa kuwa ndipo panapohitaji kuchagua kwa macho mawili.

Gemu za bao zipo kadhaa, nyingi zimeandikwa na mtu mmoja mmoja, na ubora wake unatofautiana kama usiku na mchana. Tatizo linaanzia kwenye jina. Duniani kuna familia kubwa ya michezo ya mashimo na kete, na gemu nyingi zinazojiita bao ni ndugu wa mbali wenye safu mbili za mashimo sita. Bao letu lina safu nne za mashimo manane, mashimo 32 na kete 64. Ukiona safu mbili, futa.

*Sheria.* Zikishakuwa nne, mtihani unaendelea. Haya ndiyo ninayoyakagua, na kwa mjuzi ni dakika tano tu.

Angalia mwanzo. Bao la Kiswahili linaanza na kete sita nyumbani, shimo la tano ukihesabu kutoka kushoto kwako, na kete mbili mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata upande wa kulia. Zilizobaki, 22, ziko mkononi na zinaingizwa moja moja wakati wa kunamua, yaani nusu ya kwanza ya mchezo. Gemu ikianza na kete mbili kila shimo, hiyo ni bao la kujifunza. Si kosa, ni mchezo wa kuanzia watoto, ila usiuchukue ukadhani unamwandalia mtu kukaa na mafundi.

Kisha namua, kula, na uhakikishe kete ya mwisho inaangukia nyumbani kwako. Gemu iliyotengenezwa na anayejua itasimama ikuulize: unalala, au unasafiri? Kulala ni kusimama hapo; kusafiri ni kuendelea kwa kuzitawanya kete za nyumba. Kuchagua lini nyumba iende safari ni roho ya nusu ya kwanza ya mchezo. Gemu inayoondoka na nyumba yako bila kukuuliza imekunyang'anya maamuzi makubwa kuliko yote.

Tazama pia ulaji wa pembeni. Ukila kwenye kichwa (shimo la mwisho la safu ya mbele) au kimbi (shimo lililo jirani nalo), kete hizo lazima zianze kutawanywa kutoka upande ule ule. Ukila katikati wakati wa namua, upande ni wako kuchagua.

Ukiingia kwenye mtaji, nusu ya pili, kete za mkononi zikishakwisha, jaribu kuanza kula kwa shimo lenye kete 16 au zaidi. Gemu nzuri inakukatalia. Mwisho, takasia. Huyu ndiye anayewashinda watengenezaji wengi, na si ajabu, kwa sababu kanuni yenyewe ina masharti ndani ya masharti: umetakasa (umecheza bila kula), mpinzani naye hana cha kula, na wewe unatishia shimo lake moja tu, basi shimo hilo limetakasiwa na haruhusiwi kulitoa, isipokuwa likiwa nyumba, au likiwa ndilo pekee lenye kete mbele, au ndilo pekee mbele lenye zaidi ya kete moja. Gemu isiyo na takasia bado inachezeka, lakini mwisho wa mchezo unatoka tofauti. Mzee akikushinda barazani kwa takasia wakati simu haikuwahi kukuonyesha, elewa kwamba simu ndiyo iliyopungua.

Jambo jengine ni idadi. Gemu nyingi zinaandika namba juu ya kila shimo. Hiyo ni zawadi na ni gharama. Zawadi, kwa sababu anayeanza anaona hesabu ya mzunguko na anaelewa kwa nini kete 11 zinaishia pale zilipoishia. Gharama, kwa sababu fundi wa bao ni mtu ambaye jicho lake linajua kete zilizomo shimoni bila kuandikiwa, na anafuata kichwani mzunguko mrefu wenye kula juu ya kula kabla hajagusa kitu. Uwezo huo wa akili ulimfanya mtafiti Mholanzi Alexander de Voogt akae na mafundi wa Zanzibar, na tasnifu yake ya mwaka 1995 katika Chuo Kikuu cha Leiden ilihusu jambo hilo. Kama gemu inakuruhusu kuzima namba, zizime pale tu unapoanza kuzoea.

*Watu na simu.* Wawili. Simu moja inatosha, na kioo kikiwa kikubwa ni bora, kwani mashimo 32 kwenye simu ndogo yanabanana na kidole kinagusa la jirani. Kucheza na mtu wa mbali kunategemea gemu; nyingi zina mashine tu.

*Bando na chaji.* Nyepesi kuliko zote. Inaingia kwenye simu ya zamani, inachezeka kwenye boti ya kwenda Pemba hata mtandao ukipotea baharini.

*Pesa.* Kwa kuwa si biashara kubwa, matangazo huwa machache na hakuna cha kununua cha maana. Upande wa pili wa hilo ni kwamba huenda gemu isirekebishwe tena: simu mpya inakuja na gemu inakataa kufunguka.

*Lugha.* Maneno ya mchezo ni yetu, na gemu nzuri huyaacha kama yalivyo hata ikiwa maelezo yake mengine ni ya Kiingereza.

*Linamfaa nani.* Kijana anayeona aibu kukaa mbele ya mafundi kwa sababu hajui kunamua. Mashine haimcheki, haimharakishi, na inamwonyesha kila kete inakoangukia. Linamfaa pia mtu wa ughaibuni aliyekosa wa kucheza naye. Fundi mwenyewe ataishiwa hamu upesi, hasa mashine ikiwa dhaifu.

Chemsha bongo

Gemu hizi hazina ubao. Sisi tulikuwa nazo kwa mdomo: kitendawili, tega, na anayeshindwa kutegua anatoa mji. Kwa simu kuna njia mbili zilizo tofauti kabisa, nami nazitaja pamoja ili mtu asichague moja akidhani ni nyengine.

Njia ya kwanza ni gemu yenye maswali yake tayari. Trivia Crack ya Etermax ya Argentina, iliyotoka 2013, ndiyo mfano unaojulikana: gurudumu linazunguka, linakupa mojawapo ya mada sita, kama vile jiografia, historia, sanaa, sayansi, burudani au michezo. Njia ya pili ni chombo cha kutungia maswali yenu. Kahoot! ya Norway, iliyoanza 2013 pia, ilizaliwa kwa ajili ya madarasa, na walimu wa skuli nyingi wanaijua.

*Sheria.* Kwenye Trivia Crack mnacheza kwa zamu, na zamu inaweza kungoja hata kesho. Kwenye Kahoot! wote wanajibu kwa wakati mmoja na anayejibu sahihi kwa haraka anapata pointi nyingi zaidi. Hapa naweka onyo kwa mtungaji. Muda wa kawaida ni sekunde 20 kwa suali, na maswali ya Kiswahili huwa marefu kidogo. Ongeza muda uwe 30 au zaidi, hasa kama wazee wamo, la sivyo mashindano yanakuwa ya kusoma haraka.

*Watu na simu.* Kahoot! inataka kioo kimoja kikubwa, televisheni au kompyuta, na kila mchezaji simu yake. Wawili wanaweza kushirikiana simu moja kama timu, na kwa sebule zetu ndivyo ninavyopenda zaidi, bibi na mjukuu wake pamoja. Toleo la bure lina ukomo wa wachezaji, kwa hiyo hakiki idadi kabla ya kualika ukoo mzima. Trivia Crack ni wewe na mwenzako, kila mmoja kwake.

*Bando na chaji.* Zote zinahitaji mtandao. Kwa Kahoot! ni wakati huo huo na kwa wote, na hapo ndipo inapoanguka vijijini: mmoja akipoteza mtandao kwenye suali la tano ameshaachwa. Ipo njia ya kuwapa watu maswali wayajibu kwa wakati wao, na kwa familia iliyotawanyika ndiyo salama zaidi.

*Pesa.* Trivia Crack ina matangazo na vya kununua. Kahoot! inauza vifurushi vya juu kwa mashirika na skuli, lakini kwa familia toleo la bure linaweza kutosha.

*Lugha.* Hapa ndipo uamuzi wangu unapoegemea. Maswali yaliyotungwa mbali yanamuuliza mtoto wa Mkoani kuhusu filamu na ligi za watu wengine, na akishindwa anadhani hajui kitu. Ukiyatunga mwenyewe unamuuliza yanayomzunguka. Beit el Ajaib ilijengwa mwaka gani? 1883. Vita vya Agosti 1896 baina ya Waingereza na Zanzibar vilichukua muda gani? Chini ya saa moja. Mwaka Kogwa unasherehekewa wapi? Makunduchi. Msitu wa Ngezi uko kisiwa gani? Ni Mzanzibari gani aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021? Ongeza na ya ukoo: nani alikuwa wa kwanza kuhamia mtaa huu, bibi alizaliwa kijiji gani. Baada ya jibu, mzee aliyeko sebuleni anaendeleza hadithi, na hapo acha mchezo usimame. Kahoot! inamngoja mwendeshaji abonyeze suali linalofuata.

*Linamfaa nani.* Kahoot! kwa mkusanyiko, chuo, skuli, sherehe ya Idi yenye umeme na mtandao wa uhakika na mtu mmoja aliye tayari kutunga. Trivia Crack kwa mtu mmoja anayesoma Kiingereza na anayependa kujipima kidogo kidogo.

Mengine, kwa haraka

*Drafti.* Hakiki kingi, kete iliyofika mwisho wa ubao. Katika kanuni za Kiingereza anatembea hatua moja moja. Wetu anaruka mbali. Gemu nyingi zina orodha ya kanuni za nchi mbalimbali, chagua kabla ya kuanza.

*Sataranji.* Lichess ni bure, haina matangazo kabisa, na ni nyepesi kwa bando. Kwa skuli inayotaka kuanzisha klabu sioni sababu ya kulipia kitu chengine.

*Scrabble.* Nzuri kwa Kiingereza cha mwanafunzi. Kwa Kiswahili haifai: seti ya Kiingereza ina K moja tu katika vigae 100, kwa hiyo hata neno kaka hulipati bila kigae kitupu, huku Q na X zinakuganda mkononi.

*Monopoly.* Jihadhari na majina. Monopoly GO! ya mwaka 2023 imebeba sura ya ubao ule uliouzwa tangu 1935, lakini ununuzi wa mitaa kwa kupatana, ambao ndio mchezo, haumo. Unarusha dadu, zikikwisha unangoja au unanunua. Anayetaka ule wa kweli atafute toleo linalofuata ubao.

*Dhumna.* Vipande 28, watu wanne, wawili kwa wawili. Kwa simu nne inawezekana, ila walio timu moja wakipigiana simu pembeni hakuna wa kuwakamata. Ichezeni mezani.

Kulingana na hali yako

Ukiwa na watoto wadogo na wazee pamoja, simu moja na bando dogo: ludo kwa kupokezana, data ikiwa imezimwa. Kama nyumbani dadu hazikubaliki, bao la kujifunza kwenye simu hiyo hiyo.

Ukiwa na ndugu wawili au watatu nje ya nchi na mnataka kuonana kila wiki: chumba cha ludo pamoja na simu ya WhatsApp kwenye simu ya pili. Wakiwa wote ni wa keram, basi keram, lakini mkubaliane kwamba hakuna anayelipia kete.

Ukitaka kujifunza bao kabla ya kwenda barazani: gemu iliyopita mtihani wa nyumba, safari na kete 16, namba zikiwa wazi mwanzoni na zikizimwa baadaye. Yakikuingia, nenda kamtafute mzee mmoja aliye mpole, umwamkie, umwambie unataka kujua takasia.

Ukiwa mwalimu au msimamizi wa chuo: Kahoot! kama kuna projekta na mtandao. Kama hakuna, andika maswali hayo hayo kwenye karatasi na ugawe darasa makundi mawili. Kazi kubwa ilikuwa kuyatunga, na hiyo umeshaifanya.

Mkiwa wanne mmekaa uso kwa uso, umeme upo au haupo, na ubao wa keram umesimamishwa ukutani: zimeni simu, ushusheni ubao, tieni poda.